Tangi la maji ya mvua halipimwi kwa wastani wa mwaka

Malalamiko yanayotufikia siku hizi sisi tunaotunza takwimu za hali ya hewa yanafanana: mtu amefunga mifereji, ameweka tangi, mvua imenyesha vizuri, lakini katikati ya kiangazi bomba limekauka. Lawama zote anatupiwa mtabiri wa hali ya hewa. Ukimuuliza alikadiriaje ukubwa wa tangi, anakutajia wastani wa mvua wa mwaka. Wastani huo hausemi mvua inanyesha lini.

Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ya paa ni lita 1. Hesabu eneo la ardhi ambalo paa limelifunika, si idadi ya mabati. Kwa paa la bati, toa asilimia 20 kwa maji yanayoruka, yanayovuja na yale ya mwanzo yanayomwagwa pamoja na vumbi.

Chukua paa la mita za mraba 80 na familia inayotumia lita 100 kwa siku. London hupata takriban milimita 600 kwa mwaka, zikiwa zimetawanyika miezi yote. Mwezi wa milimita 50 unaingiza lita 3,200, na matumizi ni kama 3,000. Tangi la kiasi linatosha, maana halikai muda mrefu bila kuongezwa maji. Mumbai hupata zaidi ya milimita 2,000, karibu zote kati ya Juni na Septemba. Wastani wa Julai peke yake unapita milimita 700, zaidi ya lita 44,000 kwenye paa lilelile. Kisha kuanzia Novemba hadi Mei ni siku 212, ambazo zinadai akiba ya lita 21,200. Kwa hiyo, kati ya miji hii miwili, penye mvua nyingi zaidi ndipo panapohitaji tangi kubwa zaidi. Tafadhali tusiendelee kubishana juu ya hili.

Penye masika na vuli, pima vipindi vyote viwili vya ukavu, kisha jaribu mwaka ambao vuli haikunyesha kabisa. Kwenye nchi kame wastani unapotosha zaidi, kwa sababu mwaka mmoja wa mafuriko huuinua. Panga miaka 30 kuanzia yenye mvua kidogo, uchukue wa sita. Miaka 24 iliyobaki ilipata mvua zaidi ya huo, kwa hiyo hesabu yako itasimama karibu miaka minne katika kila mitano. Usichukulie hilo kuwa dhamana.

Kuhusu takwimu zenyewe: ombi lako kwetu liwe la maandishi, litaje kituo cha kupimia mvua, kipindi na matumizi ya takwimu hizo. Omba mvua ya kila siku, kwa sababu jumla ya mwezi huficha wiki tatu kavu zilizofuatiwa na dhoruba moja. Chagua kituo kilicho karibu na chenye mwinuko unaolingana na wako. Kilicho upande wa pili wa mlima kinaweza kuwa na mvua tofauti kabisa. Ombi lisilotaja kipindi hurudishwa, na kulirudisha kunachelewesha kazi yako, si yetu tu.

Ukipata jedwali, angalia nafasi zilizo wazi. Sifuri maana yake kipimamvua kilisomwa na hakikuwa na maji. Nafasi wazi maana yake hakuna kilichoandikwa siku hiyo, na pengine mvua ilinyesha kutwa. Anayejaza sifuri hapo anajitengenezea ukame ambao haukuwapo. Mwezi wenye mapengo mengi uache nje ya hesabu, au utuulize kituo jirani kilichosomwa siku hizo.