Chumvi mbichi, chumvi iliyoiva na presha

Nyumbani kwa shangazi yangu hukuti kikopo cha chumvi mezani. Alikiondoa siku alipoambiwa ana presha. Lakini maharage yakikaribia kuiva hutia vijiko viwili vya chai, huonja, kisha huongeza kidogo. Ukimuuliza atakujibu kwamba hiyo imeshaiva, haina neno. Yenye madhara ni ile mbichi ya kunyunyizia.

Dhana: chumvi ikipikwa hupoteza ubaya wake.

Ukweli: haipotezi chochote. Chumvi huyeyuka kwenye mchuzi, haiungui wala haitoki na mvuke, na sodiamu, ile sehemu ya chumvi inayopandisha presha, uliyoitia ndiyo utakayoila. Kijiko cha chai kisichojaa kupita kiasi hubeba gramu 5 hivi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu hizo 5 kwa siku nzima, ukijumlisha na iliyomo kwenye mkate, soseji na viungo vya paketi. Sufuria ya shangazi hulisha watu wanne, kwa hiyo kila mmoja anaondoka na gramu 2.5, nusu ya posho ya siku, na kipande cha ng'onda bado hakijaguswa.

Dhana: babu alikula chumvi kweli, siyo ule msemo wa kuishi miaka mingi, na presha hakuijua. Basi chumvi inasingiziwa.

Ukweli: kwa babu huenda ni kweli. Miili haipokei chumvi sawasawa. Mwenye figo zinazotoa sodiamu upesi hula chumvi na presha yake ikasogea kidogo tu. Mwingine figo zake huibakiza. Sodiamu huvuta maji, damu huongezeka ujazo, na mishipa isipotanuka vya kutosha presha hupanda. Huyo wa pili ndiye anayeitwa mwepesi wa kuathiriwa na chumvi. Huko Indiana, Marekani, daktari Myron Weinberger na wenzake waliwapima watu kwa kuwajaza chumvi kisha kuwapunguzia, na matokeo yao ya mwaka 1986 yalionyesha wepesi huo kwa karibu nusu ya wenye presha ya juu na karibu robo ya wasio nayo. Hiyo robo ndiyo inayonishtua. Waliporudi kuwafuatilia, matokeo ya 2001 yalionyesha kwamba wepesi wa chumvi uliambatana na vifo vingi zaidi hata kwa waliokuwa na presha ya kawaida. Tena hali hii huongezeka na umri, na kwa wenye kisukari au figo mbovu. Aliyesalimika akiwa na miaka 30 asijihesabu salama akifika 60.

Dhana: ningekuwa na shida hiyo ningeumwa kisogo.

Ukweli: wengi hawasikii kitu. Hata zahanati haina kipimo cha haraka cha wepesi huu, maana kuupima kunataka siku kadhaa za chumvi nyingi na za chumvi kidogo. Kilichopo ni mashine ya presha.

Dhana: presha ni ya ukoo, chakula hakihusiki.

Ukweli: ukoo una sehemu yake. Ila kuna utafiti wa Kenya, uliochapishwa 1990, uliowafuata Wajaluo waliotoka vijijini magharibi mwa nchi kwenda kuishi Nairobi. Ukoo ni uleule, lakini ndani ya miezi michache ya mwanzo presha zao zilikuwa juu kuliko za wenzao waliobaki kijijini. Mkojo wao ulikuwa na sodiamu zaidi, ishara ya kula chumvi nyingi, na pungufu ya potasiamu, madini yanayosaidia mwili kutoa sodiamu.

Chumvi ya bahari, ya mawe, ya waridi? Bei tofauti, sodiamu karibu ileile.

Imebaki ile ya dukani inayouzwa kama chumvi ya wenye presha, ambayo sehemu ya sodiamu imebadilishwa na potasiamu. Inafanya kazi: jaribio kubwa la vijijini China, lililotolewa 2021, lilipunguza kiharusi kwa asilimia 14. Lakini si ya kila mtu. Mwenye figo dhaifu, au anayemeza dawa inayobakiza potasiamu mwilini, inaweza kumvuruga mapigo ya moyo. Nilimwambia shangazi amwonyeshe daktari vidonge vyake kwanza. Kimojawapo kikawa cha aina hiyo, kwa hiyo pakiti ilirudi dukani, na sasa maharage yake yanakamuliwa ndimu.