Alice Walton haendeshi Walmart

Kila orodha ya matajiri wa dunia inapotoka, husikika tena kwamba Alice Walton ndiye anayeendesha maduka ya Walmart. Sivyo. Baba yake, Sam Walton, alifungua duka la kwanza la Walmart mwaka 1962. Alice alirithi hisa, lakini hajawahi kuiongoza kampuni hiyo.

Moyo wake uko kwenye sanaa. Akiwa mtoto alinunua nakala ya mchoro wa Picasso kwa dola 2 dukani kwa baba yake. Mwaka 2005 akanunua kutoka Maktaba ya Umma ya New York mchoro wa Asher Durand wa 1849: marafiki wawili wamesimama juu ya mwamba, chini yao korongo lenye kijito. Wakazi wengi wa New York waliumia kuupoteza, na ninawaelewa.

Leo uko Crystal Bridges, jumba la makumbusho alilolianzisha Bentonville, Arkansas, lililofunguliwa mwaka 2011. Kuona mkusanyiko wa kudumu ni bure. Kwangu hilo ndilo kubwa: mtoto asiye na hata senti husogea karibu na mwamba ule na kuutazama mpaka aridhike.