Je, wajua kwanini pakiti haijui imeingilia kadi gani?

Unadaka trafiki, yaani pakiti (vipande vya data vinavyopita kwenye mtandao), kwenye mashine ya Linux yenye kadi mbili za mtandao, eth0 ya waya na wlan0 ya waifai, unapiga tcpdump -i any (programu ya kudaka pakiti, any ni kadi zote kwa pamoja) ili usipitwe na kitu, alafu kesho yake unafungua faili unataka kujua pakiti flani iliingilia wapi, unatafuta weee hakuna. Hujakosea kusoma, kwenye pakiti yenyewe hiyo habari haipo kabisa.

Pakiti inabeba adresi ya ilikotoka na inakokwenda, lakini jina eth0 ni la humo ndani ya mashine yako tu, huko njiani halijulikani. Anayejua ni kerneli, kiini cha mfumo wa Linux, maana ndiyo inayoipokea toka kwenye kadi na kila intafesi (kama hizo eth0 na wlan0) imeipa namba yake, piga ip link utaziona. Sasa je, wakati wa kudaka hiyo namba iliandikwa?

Faili la pcap la zamani, ambamo pakiti zilizodakwa huhifadhiwa, halina hata pa kuiandika. Kila pakiti mle inatanguliwa na baiti 16 tu: sekunde, maikrosekunde, urefu uliodakwa na urefu halisi, basi. Na kwa any ya zamani ndo balaa zaidi, heda ya Ethernet (maelezo ya mwanzoni mwa pakiti) inatolewa inawekwa ya bandia inaitwa SLL, ambayo ina MAC (adresi ya kadi yenyewe) ya aliyetuma lakini ya mpokeaji haina, kwahiyo hata ule ujanja wa kulinganisha MAC na kadi zako haufanyi kazi.

SLL2, toleo jipya la hiyo SLL, ndo imeziba hilo pengo, ina baiti 20 na 4 kati ya hizo ni namba ya intafesi. Ukiwa na tcpdump 4.99 kwenda juu, any inakuonyesha papo hapo: muda, eth0, In (yaani inaingia), ndo IP zinafuata. Ila kwenye faili inakaa namba, sio jina, na namba 2 kwako inaweza kuwa kadi nyingine kabisa kwenye mashine ya mwenzio, so hifadhi na majibu ya ip link pembeni.

Mimi napenda zaidi pcapng, aina mpya ya faili la pakiti, ambayo Wireshark (programu ya kudaka na kusoma pakiti) inaitumia kama kawaida yake tangu 1.8 ya 2012. Yenyewe inaandika kila intafesi na jina lake mwanzoni, na kila pakiti inataja ni ya ipi, unachuja kwa frame.interface_name == "eth0" umemaliza. Lakini usidake na any hapo, jina litakaloandikwa litakuwa "any" tu! Zitaje mojamoja kwa dumpcap, kidakaji cha Wireshark: dumpcap -i eth0 -i wlan0.