Kuitapisha kava: mazoezi ya TIG kwenye alumini ya pikipiki iliyovunjika

Chini ya meza yangu ya kazi kuna debe la makava mabovu ya bodaboda. Pikipiki ikiangukia kushoto, pedali ya gia hurudi ndani na kutoboa kava la magneto. Ikiangukia kulia, pedali ya breki hulipasua kava la klachi. Mnyororo nao ukikatika safarini hujikunja nyuma ya sproketi ya mbele na kulipasua boksi la injini lenyewe, na hiyo ndiyo hasara inayouma, kwa sababu boksi halibadilishwi bila kuifungua injini yote. Wenye pikipiki wakishanunua kava jipya, lile bovu huniachia nifanyie mazoezi.

Nilijifunza TIG, yaani kuchomelea kwa arki ya umeme inayotoka kwenye ncha ya tangisteni huku gesi ya argoni ikiikinga kazi na hewa, kwenye bamba jipya la alumini, na kwa muda niliamini kwamba ninaijua kazi. Mstari ulilala vizuri, kidimbwi cha alumini iliyoyeyuka kiling'aa kama kioo. Kisha nikachukua kava la klachi lenye ufa wa urefu wa kidole, nikalipitisha kwenye petroli, nikalipiga brashi, nikawasha. Kidimbwi kilipofunguka tu kikajaa madoa meusi, kikachemka kama uji, na ufito wa kujazia ukawa unaviringika juu ya uchafu bila kushika. Niliongeza umeme. Ukuta ukazama, tundu la ukubwa wa sarafu likabaki.

Alumini yoyote huvaa ngozi ya oksaidi. Alumini yenyewe huyeyuka kwenye nyuzi 660 za Selsiasi, lakini ngozi hiyo inahitaji zaidi ya 2,000. Ndiyo maana tunatumia mkondo wa AC, ule unaogeuka huku na huku: nusu moja ya mzunguko huipasua ngozi, nusu ya pili hupeleka joto ndani. Hilo hata bamba jipya linalo. Kava la pikipiki lina shida nyingine tatu juu ya hiyo.

Kwanza, limesubiwa kwa shinikizo: alumini iliyoyeyuka husukumwa kwa nguvu ndani ya kalibu ya chuma, na hewa fulani hunaswa humo humo. Ukiyeyusha sehemu hiyo tena, hewa iliyofungiwa tangu kiwandani inatafuta pa kutokea. Pili, limeishi ndani ya oili ya moto kwa miaka. Oili imeingia kwenye vitundu na ndani kabisa ya ufa, na petroli huosha uso tu. Tatu, oili na unyevu vikiungua hutoa haidrojeni. Alumini iliyoyeyuka huipokea kwa wingi, lakini ikiganda huikataa karibu yote, kwa hiyo gesi hubaki imenaswa kama vipovu. Ukikata mshono wa namna hiyo utaona kitu kama mkate.

Kwa hiyo siku hizi kava naanza kwa kulitapisha. Hilo neno ni langu, lakini linaeleza kazi ilivyo. Nalichemsha kwenye maji ya moto yenye sabuni kali, nalikausha, kisha naufungua ufa kwa biti ya kabaidi hadi uwe mfereji wenye umbo la V. Situmii jiwe la grenda la kawaida, kwa sababu alumini huliziba na chembe za jiwe hubaki ndani ya alumini. Kila mwisho wa ufa natoboa kitundu kidogo ili usiendelee kukimbia joto likiingia. Baada ya hapo asetoni, na brashi ya waya wa chuma kisichoshika kutu ambayo haijawahi kugusa kitu kingine isipokuwa alumini. Dawa za kusafishia breki zisikaribie kabisa kazi hii. Zile zenye klorini zikikutana na mwanga wa arki hutoa gesi ya fosijini, nayo huua.

Kisha nalipasha kava moto taratibu juu ya jiko la gesi, hadi tone la maji likiangukia pembeni, mbali na mfereji, linachemka na kutoweka papo hapo. Hapo oili huanza kutoka yenyewe. Unaona mfereji uliokuwa mweupe unageuka kahawia, nawe ulikuwa umeapa kwamba ni safi. Nafuta, napasha tena. Likiacha kutoa, nawasha arki na kupita juu ya mfereji bila kujaza, nikiyeyusha uso kidogo tu. Weusi wote unapanda juu. Nazima, naukwangua wote kwa biti, napiga brashi, narudia. Kava la klachi hunichukua mizunguko miwili au mitatu, na boksi la injini nimewahi kulirudia mara tano. Mwanafunzi wangu huniuliza kwa nini napoteza argoni kwa kuchomelea kitu ninachokikwangua. Namwonyesha kidimbwi cha mzunguko wa kwanza na cha mzunguko wa tatu, anaona mwenyewe.

Mashine naiweka kwa desturi hii: ukuta wa milimita 3 naupa ampea 110 hadi 120 za kuanzia, halafu mguu unapunguza umeme kwenye pedali ya mashine, kwa sababu alumini hulisambaza joto haraka na kava dogo likishapata moto linahitaji kidogo tu. Asilimia 70 hivi ya mzunguko naipa upande wa kupenya. Alumini ikiwa chafu naongeza upande wa kusafisha, lakini si sana, maana ncha ya tangisteni huvimba na kuanza kutikisika. Tangisteni natumia ya lantanamu, milimita 2.4. Argoni tupu, lita 8 hadi 12 kwa dakika. Ukifungua zaidi ukidhani unalinda, gesi huzunguka na kuvuta hewa.

Kwa kujazia natumia ufito wa aloi nambari 4043, yenye silikoni karibu asilimia 5, au 4047 yenye karibu asilimia 12. Makava mengi yamesubiwa kwa alumini yenye silikoni nyingi, na 4047 hutiririka vizuri humo bila kupasuka inapoganda. Aloi ya 5356 ina magnesi, nayo ikikutana na silikoni nyingi mshono hutoka mkavu, unaovunjika. Iweke kwa kazi nyingine.

Kinachowashinda wengi waliozoea chuma cheusi ni kwamba alumini haikupi onyo la rangi. Haiwi nyekundu. Inakaa vile vile, kisha inaanguka yote. Lazima ujifunze kuangalia ule mng'ao wa uso unavyobadilika, na hilo huwezi kuelezwa, unalipata kwa kuharibu makava. Masikio ya bolti ndiyo mazoezi bora: lijenge sikio upya tone kwa tone, upoze mguu, ujaze kidimbwi cha mwisho kabla ya kuzima, la sivyo utapata ufa mdogo wa nyota katikati. Kava lenyewe lifungwe kwa bolti zake kwenye boksi bovu la aina ile ile wakati unachomelea. Likipinda hata kidogo, gasketi haitaziba. Na vaa mikono mirefu, funga shingo: alumini huakisi mwanga kuliko chuma, nao unaunguza ngozi hadi ubabuke.

Kabla ya yote hayo, tia tone la siki kwenye sehemu uliyokwangua. Likitoa povu, huenda hilo ni kava la magnesi. Liweke kando. Vumbi lake linashika moto, na ukilimwagia maji unauchochea.

Mshono wa mazoezi naufunga kwenye jiliwa na kuuvunja kwa nyundo, nione tumbo lake. Ule wa kazi naupima kwa chaki na mafuta ya taa: naupaka chaki upande wa nje, mafuta ya taa upande wa ndani, naondoka nusu saa. Doa likijitokeza kwenye chaki, panavuja, nafungua upya.

Rimu ya aloi siichomelei. Wala shikio la usukani, wala kitu chochote kinachobeba breki. Vijana hunibembeleza, wana mkopo wa pikipiki na siku inapotea, nami nawaelewa. Lakini kava likipasuka tena oili inamwagika. Rimu ikipasuka kuna mama na mtoto nyuma. Wakiniona mgumu wanakwenda kwa fundi mwingine, na mara nyingine nimemfuata kijana hadi barabarani nimwombe asubiri ile ya mtumba.

Sasa hivi mezani lipo boksi la injini lililopigwa na mnyororo. Nimeshalitapisha mara nne na chaki bado inaonyesha doa la ukubwa wa punje ya mtama, pale mshono unapokutana na ukuta wa beringi. Kesho nitaufungua mfereji kwa kina zaidi, nianze tena na jiko la gesi.