Modeli ya betri kwa mtandao wa neva: maana yake

Ile asilimia ya chaji unayoiona kwenye kioo cha simu haikupimwa, imekadiriwa. Simu haina chombo cha kuhesabu ioni za lithiamu (chembe ndogo zinazobeba umeme) zilizobaki upande mmoja wa betri. Inachoweza kupima ni volti, mkondo wa umeme na joto, basi. Kutokana na hayo matatu lazima ijue chaji iliyobaki na afya ya betri, yaani imechakaa kiasi gani tangu itoke kiwandani. Hesabu inayotoka kwenye vipimo vya nje hadi hali ya ndani ndiyo modeli ya betri.

Modeli inaweza kuandikwa kwa fizikia. Mwaka 1993 watafiti Marc Doyle, Thomas Fuller na John Newman walichapisha milinganyo inayoeleza jinsi ioni zinavyosafiri kwenye elektroliti (dutu inayozipitisha ndani ya betri) na kuingia ndani ya elektrodi, yaani pande mbili za betri, na hadi leo watafiti wanaitegemea. Ila inadai vigezo vingi ambavyo ni vigumu kuvipima bila kuipasua seli, yaani betri moja moja, na hesabu yake ni nzito kwa chipu ndogo ya pikipiki ya umeme.

Mtandao wa neva hupita njia nyingine. Ni hesabu yenye namba nyingi zinazoweza kurekebishwa. Tuseme mtandao unapewa volti 3.7, ampia 1.5 na nyuzi joto 31, nao unajibu kwamba chaji ni asilimia 58. Maabara, iliyofuatilia kwa vyombo sahihi umeme wote ulioingia na kutoka, inajua ni 63. Kosa hilo la 5 linarudishwa ndani, kila namba inasogezwa kidogo kuelekea upande unaolipunguza, kisha unaletwa mfano mwingine. Mifano hiyo huweza kufika mamilioni.

Kuna betri ambazo kipimo cha papo hapo hakizitoshi. Zile za lithiamu na fosfati ya chuma hukaa karibu na volti 3.3 kwa sehemu kubwa ya chaji yake, kiasi kwamba asilimia 40 na asilimia 70 zinakaribia kufanana kwa volti. Hapo hutumika mitandao yenye kumbukumbu, kama ule uitwao LSTM, inayotazama pia dakika zilizopita: mkondo ulipanda lini, volti ikashuka kiasi gani, ikachukua muda gani kurudi.

Mwanafunzi wa uzamivu anayeshughulikia jambo hili hutumia muda mrefu kukusanya data kabla ya kufunza chochote. Seli, mara nyingi za aina ya 18650 (kipenyo milimita 18, urefu 65), huwekwa kwenye kabati la joto linalodhibitiwa, zikachajiwa na kumalizwa chaji mamia ya mara, kwa miezi. Wengine hutumia data zilizowekwa wazi. Seti moja iliyotolewa mwaka 2019 na watafiti wa Stanford, MIT na Toyota Research Institute ina seli 124 za aina moja zilizochajiwa haraka kwa namna tofauti. Nyingine zilidumu mizunguko 150 tu ya kuchaji na kumaliza chaji kabla uwezo wake haujashuka hadi asilimia 80, nyingine zikafika 2,300. Tofauti hiyo inaonyesha kwa nini kukisia uchakavu ni kazi ngumu.

Kwangu mimi, swali la kwanza la kuuliza tasnifu ya namna hii ni hili: je, seli zilizotumika kuupima mtandao ziliwahi kuonekana wakati wa kuufunza? Kama vipimo vya seli ileile vimegawanywa, vingine vya kufunza na vingine vya kupima, kosa dogo lililoandikwa kwenye jedwali halituambii kitu. Na joto je? Mtandao uliofunzwa kwa nyuzi 25 tu haujui kinachotokea bodaboda ya umeme inapopanda kilima cha Kigali na abiria, mkondo ukiwa juu na betri imeshika joto. Hautanyamaza, lakini. Utatoa namba kwa ujasiri uleule, na dereva ataiamini.

Ndiyo maana wengi sasa wanaunganisha njia zote mbili. Modeli fupi ya fizikia inabeba sehemu inayojulikana, na mtandao unafunzwa tofauti tu kati ya modeli hiyo na vipimo halisi. Au wakati wa mafunzo mtandao unaadhibiwa kila jibu lake linapokiuka sheria za maumbile, kwa mfano chaji inapopanda ilhali mkondo unatoka.