Kuhifadhi gari maana yake nini

Mwezi huu peke yake neno kuhifadhi nimelisikia mara tatu likisemwa juu ya gari. Kwanza kwa mama mmoja wa Katubuka, kisha kwenye simu iliyopigwa kutoka Dar es Salaam, na wiki iliyopita kwa mzee jirani yangu hapa Gungu, Kigoma, aliyemtuma mjukuu wake gerejini kwangu na ujumbe huu: "Babu anasema uje na betri. Gari alilihifadhi vizuri, ila sasa haliwaki."

Nilikwenda na betri, na nikabeba jeki pia, maana neno hilo nimeshalizoea. Gari lilikuwa chini ya mwembe, limefunikwa turubai la nailoni la bluu lililofungwa kamba pande zote nne. Lilikuwa limekaa hapo miaka miwili na miezi kadhaa. Nilipolifunua turubai, hewa iliyotoka chini yake ilikuwa na joto na harufu ya uvundo. Majani ya mwembe yalikuwa yamejaa kwenye mfereji ulio chini ya kioo cha mbele, yameoza yakawa udongo, na ndani yake mche wa mwembe umeota, una majani manne. Nilifungua boksi la chujio la hewa. Panya alikuwa amezaa humo, ametandika sponji aliyoitafuna kwenye kiti cha nyuma.

Niseme maana kwanza. Kuhifadhi gari ni kuliandaa likae muda mrefu bila kutumika, tuseme kuanzia mwezi mmoja na kuendelea, kisha kulihudumia kwa muda wote huo linapokaa, ili siku likitakiwa liwake, litembee na lisimame kwa breki zake lenyewe. Maana hii ina sehemu mbili, kuandaa na kuhudumia. Ikikosekana moja, hujahifadhi.

Watu wanaoteleza hapa si wajinga. Wameliweka gari ndani ya uzio, wamelifunika, wamefunga geti, mlinzi yupo. Wamelikinga na mwizi, na kulikinga nako ni kazi. Lakini neno walilolichukua ni zito kuliko walichokifanya, na uzito wake anaujua kila mtu aliyekulia Ujiji kama mimi.

Kule chuoni, mtoto akisomea Kurani mpaka akaikamata moyoni, mwalimu husema amehifadhi. Amehifadhi juzuu tano, amehifadhi juzuu kumi, na akifikisha zote 30 anaitwa hafidhi. Neno ni la Kiarabu, mzizi wake ni ule ule uliozaa majina ya Hafidh na Mahfudh, na maana yake ni kulinda kitu kisipotee. Sasa, hakuna mzazi wa Ujiji atakayesikia kwamba fulani amehifadhi akadhani kijana ameufunga msahafu wake sandukuni. Kuhifadhi ni kazi isiyokwisha. Hafidhi anadurusi alfajiri, anadurusi usiku, na akiacha kwa miezi sura ndefu zinaanza kumponyoka, aya hii inaingia kwenye ile. Neno lenyewe, tangu lilikotoka, lina mtu ndani yake anayefanya jambo kila siku.

Tazama pia kaskazini yetu. Gombe tunaiita Hifadhi ya Taifa tangu mwaka 1968. Hatukuiita hifadhi kwa sababu watu wameiacha. Kuna askari wanaozunguka, kuna watu wanaowafuatilia sokwe kutwa nzima wakiandika walikolala na walichokula, kuna wanaozuia moto kiangazi. Siku kazi hiyo ikikoma, msitu utabaki ulipo, lakini hautakuwa hifadhi.

Waingereza mahali kama Gombe wanapaita "park", neno lile lile lililotupa kupaki. Walilitoa kwa Wafaransa, na zamani lilikuwa na maana ya eneo lililozungushiwa uzio wanyama wakae humo. Baadaye wanajeshi wakalitumia kwa uwanja wa kupanga magari ya mizinga, kutoka hapo likaja kwenye magari ya kawaida, na safarini ule ulinzi wote ukapukutika, likabaki kusimamisha gari na kuondoka. Sisi tulipolipokea tulifanya jambo la busara sana. Tuliligawa. Msitu wa sokwe tukaupa hifadhi, gari la kusimamishwa sokoni tukalipa paki. Tunayo maneno mawili kwa mambo mawili ambayo wenzetu wameyabanza kwenye neno moja. Ndiyo maana inaniuma tukianza kuyachanganya wenyewe.

Na tunalo la tatu, kuegesha, ambalo kwa watu wa ziwani si neno la magari hata kidogo. Ni ndugu wa kuegama. Chombo kinaegeshwa, kinaletwa ubavuni kwa gati au kusogezwa mchangani kikaegama. Nenda Kibirizi asubuhi uone maboti yaliyoegeshwa: yana watu, yanafuliwa maji, yanasubiri kuondoka. Kuegesha ni kwa muda mfupi. Mtumbwi ukiachwa mchangani juani miezi mitatu, mbao zinakauka, zinajikunja, nyufa zinafunguka, na siku ukiusukuma majini unajaa. Mvuvi hawezi kukuambia kwamba mtumbwi ule ulihifadhiwa. Atakuambia uliachwa.

Mfano ninaoupenda kuliko yote upo hapa hapa Kigoma. Meli ya Liemba, ambayo zamani iliitwa Graf von Goetzen, iliundwa Papenburg Ujerumani mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa mpaka huku na kuunganishwa, ikashushwa Ziwa Tanganyika mwaka 1915. Mwaka uliofuata, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Wajerumani walilazimika kuuacha mji, na hawakutaka meli ichukuliwe. Wakaizamisha wenyewe karibu na mdomo wa mto Malagarasi. Lakini kabla ya kuizamisha, mafundi wake walizipaka injini grisi nzito, wakijua huenda siku moja itaibuliwa. Waingereza waliiibua mwaka 1924, wakaikuta mitambo yake bado inafaa, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Miaka minane baada ya kuzamishwa, injini zikapona kwa grisi ya watu waliotumia siku zao za mwisho hapa kuziandaa.

Huwa naifikiria grisi hiyo kila ninapofunua gari lililokufa nchi kavu, chini ya mwembe, ndani ya uzio. Meli iliyozamishwa ilihifadhiwa kuliko gari lililofunikwa.

Turudi kwenye gari. Kitu cha kwanza kinachowakwamisha watu ni kilomita. Wanajua sevisi inakwenda kwa kilomita, basi wanaona gari lisilotembea halidai kitu. Lakini kitabu cha gari lolote kinataja kilomita na muda, kinachotangulia ndicho kinachofuatwa, kwa sababu oili haichakazwi na mwendo peke yake. Oili iliyokwisha kutumika ina asidi na maji yaliyotokana na moto wa injini, na ukiiacha humo mwaka mzima inakaa ikila vyuma ilivyotakiwa kuvilinda. Ndiyo maana oili inamwagwa na kuwekwa mpya kabla ya gari kulazwa. Wengi husema watamwaga siku ya kuliamsha, na wakati huo madhara yameshatokea.

La pili ndilo linalonisumbua kuliko yote, kwa sababu hufanywa kwa nia njema. Mwenye gari yuko mbali, amemwachia mlinzi funguo na maagizo: kila Jumapili liwashe dakika tano lingurume, halafu zima. Mlinzi mwaminifu anafanya hivyo mwaka mzima. Huko si kuhifadhi, ni kuliua taratibu. Kila lita moja ya petroli inayoungua hutoa takriban lita moja ya maji, kama mvuke. Injini ikipata moto vizuri, mvuke huo unatoka wote. Dakika tano hazitoshi, kwa hiyo maji yanabaki kwenye bomba la moshi na mengine yanaingia kwenye oili. Ukifungua mfuniko wa oili unaona utelezi mweupe kama maziwa yaliyoganda. Na betri, kila stata inapozungusha injini, inatoa umeme mwingi kuliko ule inaourudishiwa kwa dakika tano za kunguruma. Yaani Jumapili 52 za uaminifu zinaishia kwenye betri iliyokufa na bomba lililotoboka. Kama kuna mtu wa kuliwasha, awe na leseni, alitoe nje, aliendeshe nusu saa nzima, sindano ya joto ikae mahali pake, breki zifanye kazi, tairi zizunguke, kiyoyozi kifunguliwe kidogo ili sili zake zisikauke. Mara moja kila wiki mbili au tatu inatosha. Kama hayupo mtu wa namna hiyo, ni bora lisiwashwe kabisa.

Likiwa haliwashwi, chomoa waya wa hasi wa betri, maana saa, alamu na redio vinakunywa umeme hata gari likiwa limelala. Bora zaidi toa betri yenyewe, iwekwe ndani na ichajiwe kila baada ya wiki kadhaa. Betri nzima iliyojaa inasoma volti 12.6. Ikishuka chini ya 12 na kuachwa hivyo, chumvi ya risasi inaganda kwenye sahani zake na chaja haiirudishi tena. Ya mzee ilisoma tatu na kidogo.

Handibreki isivutwe. Hili nalisema kwa mkazo, maana kila mtu anadhani anaongeza usalama. Viatu vya breki vinagandana na dramu kwa kutu, na gurudumu linakataa kuzunguka. Weka gia, weka vigingi kwenye matairi. Tairi zijazwe upepo kuzidi kiwango kidogo tu, na gari lisogezwe mara kwa mara ili lisilalie sehemu moja. Tangi la petroli lijazwe, maana nafasi tupu juu ya mafuta ndiyo inayokaribisha unyevu na kutu. Hata hivyo petroli ikipita miezi sita inaanza kuchacha, unaijua kwa harufu ya vanishi. Bodi ioshwe mpaka chini kwenye uvungu. Udongo wetu mwekundu ukishikwa na mvua za masika hukaa na maji kwenye pembe za bodi, na kutu inaanzia hapo bila wewe kuona. Na turubai la nailoni liache, linazuia mvua na kufungia unyevu ndani. Kitambaa kinachopitisha hewa kinafaa zaidi, na paa linafaa kuliko vyote. Mwembe una kivuli kizuri, lakini unadondosha utomvu, majani na maembe, na panya anayafuata maembe.

Gari la mzee tulilinyanyua kwa jeki. Gurudumu la nyuma kushoto lilikuwa limegandana na dramu, ikabidi niligonge kwa nyundo taratibu kulizunguka mpaka likaachia, na vumbi la kutu likamwagika kwenye majani kama pilipili ya kusaga. Nilimwaga petroli, nikamwaga oili, nikatoa kiota cha panya kwa mkono. Ule mche wa mwembe mjukuu aliung'oa na mizizi yake, akaupanda pembeni ya uzio.

Mzee alikuwa amekaa kwenye kigoda anatazama. Akasema, "Lakini fundi, mimi nililifunika. Na funguo hakuna aliyezigusa."

"Ni kweli mzee wangu, ulilifunika na ulilifungia, na hakuna kilichoibiwa. Ila hakuna aliyelihudumia."

Alinyamaza kidogo. Baada ya masika anakwenda Kasulu kwa binti yake, na huenda akakaa mwaka. Tukakubaliana kwamba kabla hajaondoka nitakuja kumwaga oili na kuosha uvungu, na mjukuu, aliyepata leseni mwaka jana, atakuwa analiendesha hadi Mwandiga na kurudi Jumamosi moja kila wiki mbili.

"Kijana wangu wa Dar amepiga simu jana anauliza hali ya gari," akasema. "Nilishamwambia nimelihifadhi. Sasa nimwambieje?"

"Kwa hii miaka miwili, mwambie lilikuwa limeachwa. Likishaanza kwenda Mwandiga, mpigie tena umwambie limehifadhiwa."