Saratani ya Ngozi: Dhana Tunazorithishana na Ukweli Wake

Mwaka 1977 Bob Marley alikuwa na kidonda chini ya ukucha wa dole gumba la mguu. Ilidhaniwa ni jeraha la kucheza mpira. Vipimo vikaonyesha melanoma, aina mojawapo ya saratani ya ngozi, na tarehe 11 Mei 1981 akafariki akiwa na miaka 36, saratani ikiwa imeshaenea hadi kwenye ubongo. Namtaja kwa sababu kisa chake kinaijibu dhana ninayoisikia kuliko zote.

“Mtu mweusi hapati saratani ya ngozi.”

Anapata, ingawa mara chache zaidi kuliko mweupe. Melanini, ile rangi inayoipa ngozi weusi, hunyonya sehemu kubwa ya miale ya urujuanimno, ile miale ya jua isiyoonekana kwa macho, kabla haijaharibu vinasaba vya seli. Hiyo ni kinga ya kweli, tusiibeze. Lakini melanoma ya mtu mweusi mara nyingi haitokei usoni wala mgongoni. Hujificha kwenye unyayo, kiganja au chini ya ukucha, mahali ambapo jua halifiki sana na ambapo hakuna anayepakagua. Ndiyo maana hugunduliwa ikiwa imekwenda mbali.

Usishtuke, hata hivyo, ukiona mistari myeusi kwenye kucha kadhaa. Kwa watu weusi wengi hilo ni jambo la kawaida. Wa kumwonyesha daktari ni mstari mmoja uliojitokeza peke yake, unaozidi kupanuka, au ambao weusi wake umevuka ukucha na kuingia kwenye ngozi ya pembeni.

“Saratani ya ngozi ni ugonjwa mmoja, na chanzo chake ni jua.”

Aina kuu ni tatu. Ya seli za msingi hukua polepole na ni nadra kusambaa, ila ikiachwa hula pua au kope mpaka uso ukaharibika. Melanoma, inayoanzia kwenye seli zinazotengeneza melanini, ndiyo yenye haraka ya kusambaa.

Ya tatu ni ya seli bapa, nayo ndiyo ningependa izungumzwe zaidi. Kwa mtu mwenye ualbino, ambaye melanini yake ni kidogo mno, jua huileta mapema, hata katika ujana. Kwa mtu mweusi njia yake mara nyingi ni nyingine: kovu la moto la miaka mingi, au kidonda cha mguu kinachofunga na kufunguka. Saratani inayoota mahali hapo madaktari huiita kidonda cha Marjolin. Mtu amekizoea kidonda chake, anakisafisha kila siku, hajui kwamba kingo zimeanza kuvimba na kuwa ngumu. Kinga ya mwili iliyoshuka, mathalani kwa aliyepandikizwa figo, nayo huongeza hatari.

“Leo kuna mawingu, jua halichomi.”

Tunachanganya joto na miale. Joto tunalihisi, miale ya urujuanimno hatuihisi, na hadi asilimia 80 yake hupenya mawingu mepesi. Vioo vya dirisha navyo huzuia sehemu moja ya miale hiyo na kupitisha nyingine. Vile vitanda vya taa vya kubadilisha rangi ya ngozi havina hata mjadala: mwaka 2009 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliviweka kwenye kundi moja na tumbaku, la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu.

“Nikipaka mafuta ya kuzuia jua, yatosha.”

Mafuta yenye namba 30 ya kinga (SPF) huzuia takriban asilimia 97 ya miale inayounguza, namba 50 asilimia 98, kwa hiyo tofauti ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Wengi hupaka kidogo mno, tena mara moja asubuhi, ilhali yanatakiwa kurudiwa kila baada ya saa mbili ukiwa nje. Kwa mwenye ualbino, kofia pana, mikono mirefu na kivuli saa za mchana vitangulie, mafuta yafuate. Na hakuna mafuta yatakayozuia melanoma ya unyayo.

“Hakiumi, basi si kitu. Na kikiguswa na kisu kitasambaa.”

Saratani hizi mwanzoni mara nyingi haziumi. Kidonda kisichopona kwa zaidi ya wiki nne, au doa linalobadilika umbo, rangi au ukubwa, lina sababu tosha ya kuonyeshwa. Kuchukua kinyama kwa ajili ya vipimo hakusambazi ugonjwa. Kinachoupa nafasi ni miezi ya kubandika dawa bila kujua unatibu nini. Na ukikatwa uvimbe, uliza kinyama kimekwenda wapi. Kisitupwe. Maabara ndiyo itakayosema kama ni saratani, ni ya aina ipi, na kama imetoka yote.